Kaseti ya Miwa

Kwanza nilishuku waya.
Kila fundi huanza na waya,
kama mke wa mlevi aanzavyo na mifuko ya suruali.

Waya ulikuwa mzima. Fyuzi nzima.
Transfoma ilikuwa na joto la kuku anayeatamia,
na mita ikasoma volti tisa na nukta mbili:
umeme ulikuwa mlangoni, unabisha hodi,
na ndani hakuna aliyeitikia.

Nikafungua skrubu tano. Ya sita haikuwapo.
Baba alikuwa amenitangulia humu.

Ndani, sam.
Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi
na kuvamia Kisumu taa zikiwashwa.
Sam wa miaka thelathini, wakavu, wepesi,
wametanda juu ya saketi kama majani ya chai.
Nikawapuliza. Nikapiga chafya.
"Afya," akasema Mama kutoka jikoni,
bila kuacha kuparua samaki.

Baba aliinunua kwa Kantilal, siku alipofunga duka la vitambaa,
kwa baiskeli na shilingi mia nane.
Kibodi na ubongo katika boksi moja,
runinga ya kuazima, redio ya kaseti kwa daftari.
Alikuwa karani wa mizani ya miwa, upande wa Kibos.
Mchana aliandika uzito alioambiwa aandike.
Usiku aliandika ule aliouona.

Tisa ikaingia kwenye rekebishi, tano ikatoka. Sawa.
Kwenye kioo, miraba myeusi na myeupe,
ubao wa drafti usio na kete.
Basi nikalowesha kidole ulimini
nikazigusa chipu za kumbukumbu, moja moja,
pacha nane katika safu.
Ya kwanza baridi. Ya pili baridi. Ya tatu.
Ya nne ikaniunguza.

Jumapili, Kibuye, Nyangweso akanichomolea nyingine
kutoka mashine ya mchezo iliyokufa Nyalenda.
"Hamsini," akasema, "na ukiirudisha sikujui."
Miguu kumi na sita: nikafyonza risasi mguu kwa mguu,
moshi wa lehemu machoni,
nikaiketisha mgeni kwenye kiti cha marehemu.

Kioo kikawa cheupe.
Kisha pembeni, chini, mraba mdogo
ukaanza kukonyeza.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kunawa mikono.

Kaseti ilikuwa moja tu. Lebo, mwandiko wa Baba:
MIWA 87, wino wa bluu.
USIFUTE, wino mwekundu.
Nikapangusa kichwa cha redio kwa pamba na spiriti,
nikabonyeza.
Ule mlio: mbu elfu wakigombea sikio moja.
Mistari ikakimbia pembeni mwa kioo. Ikakimbia.
Ikasimama.

Nikapandisha sauti. Nikaishusha.
Nikageuza skrubu ya kichwa robo mzunguko, nikairudisha.
Kila mara, sekunde arobaini, halafu kimya cha kioo.
Mwishowe nikachomoa waya nisikilize kwa masikio yangu.

Mbu. Mbu. Kisha tak!
na mtangazaji wa redio, kwa sauti ya kupigwa pasi:
*...kifo cha Zablon Radier wa Kochieng',
kaka yake Dorka Apondi wa Manyatta...*

Mama alikuwa mlangoni, magamba mikononi.
"Ilikuwa ikipiga kelele tu," akasema.
"Nilidhani imeharibika."

Trekta kwa trekta, tani kwa tani,
kila mkulima na kilo zake zilizoliwa,
chini ya jina la mjomba.

"Alikasirika?"
"Nani, baba yako? Aliichukua mkononi, akaondoka nayo.
Akaomba kalamu kwa mtoto wa jirani,
ile ya mwalimu, ya kusahihishia."

Nikaitazama tena ile lebo.
Mraba ulikuwa bado unakonyeza,
una nafasi tele, hauna la kukumbuka.

"Rudisha nyuma," Mama akasema,
akaketi juu ya boksi la transfoma
kabla sijamwambia lina joto.